Utando ulio ndani ya chupa ya siki si uchafu

Wateja kadhaa hapa Malindi wameturudishia siki ya mnazi wakisema imeoza, maana kuna kitu kama ngozi kinaelea juu. Jamani, msiimwage! Huo utando laini, unaoteleza ukiushika, ni selulosi iliyofumwa na bakteria wale wale walioifanya siki iwe siki. Ichujeni kwa kitambaa, mtie kwenye kachumbari, basi.

Mgema akishakata karara, yaani kifuko cha maua ya mnazi, kwa kotama, kisu chake cha kugemea, maji yanayodondoka ni matamu. Lakini hayakai: hamira ya asili iliyo hewani na kwenye chombo huanza kula sukari saa hiyo hiyo, na tembo, yaani pombe ya mnazi, likiteremshwa tayari lina povu. Sisi tunalitia kwenye madumu ya mdomo mpana, hatuyajazi, tunafunga kitambaa juu. Bakteria wa siki wanataka hewa ndipo wageuze kileo kuwa asidi, jambo ambalo Mfaransa Louis Pasteur alilichunguza miaka ya 1860. Kaza kifuniko, kazi inasimama. Viwanda vikubwa hupuliza hewa ndani ya matangi wakamaliza kwa siku moja au mbili. Yetu huchukua wiki kadhaa, hata kwa joto hili letu la nyuzi 25 hadi 30 linalowafaa sana bakteria hao. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo tunalionja kwanza, kwani kileo kikiwa kidogo na asidi huwa kidogo.

Swali linaloulizwa sana, hasa na kina mama wanaotengeneza achari: ni halali? Kwa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi huku pwani, kileo kikigeuka siki chenyewe bila kutiwa kitu, ni tohara, yaani safi kidini. Ndiyo sababu hatuchanganyi siki kuukuu ili kuharakisha, ingawa ingetupunguzia kungoja. Mwenye shaka amuulize shehe wake, tutamweleza kila hatua.

Kwa achari ya embe ya kuweka muda mrefu, chukueni chupa zilizoandikwa asidi asilimia 5, na msiichemshe kwenye sufuria ya alumini, asidi itaila sufuria. Mkiona ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, hiyo kweli imeharibika. Irudisheni, tutawapa nyingine.