Barua kwa mwanangu: usiikimbilie maabara

Mwanangu Salma,

Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Wenzako bwenini wameshaingia maabara za maprofesa, na wewe, mwezi wa pili tu chuoni, unajiona umeachwa.

Hujaachwa. Naomba muhula huu usianze utafiti. Binamu yako Dodoma kaingia udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita, lakini hapa Marekani una miaka 4 ya shahada ya kwanza kabla hujafika huko. Alama za kemia unazopata sasa zitakufuata mpaka kwenye maombi ya chuo cha udaktari, na utafiti hauzifuti. Isitoshe, vyuo vingi vya udaktari havikuwekei utafiti kuwa sharti. Fomu ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi ina nafasi 15 za shughuli, na 3 tu ndizo unazoruhusiwa kuzieleza kwa kirefu. Aliyekaa maabara moja miaka miwili ana la kueleza. Aliyepita tatu kwa miezi michache hana.

Kazi hii naijua. Mgeni huanza kwa kuandika lebo kwenye vichupa na kujifunza kuvuta pipeti bila kuingiza mapovu. Seli zikihitaji kubadilishiwa maji ya lishe Jumamosi, ni Jumamosi hiyo hiyo, hata kama Jumatatu una mtihani. Anayekosa anaharibu kazi ya mwenzake ya wiki nzima.

Januari, matokeo yakishatoka, anza kutafuta. Soma makala moja ya profesa unayemtaka, kisha mwandikie kwa ufupi: wewe ni nani, kipi katika kazi yake kimekuvuta, na una saa ngapi kwa wiki. Muulize pia nani atakayekufundisha kila siku. Mara nyingi si yeye, ni mwanafunzi wake wa uzamivu, kwa hiyo omba uonane naye kabla hujakubali. Mtu asiye na subira atakuchosha mapema.

Na si lazima iwe maabara. Ulipokuwa ukimpeleka bibi kliniki ya kisukari uliniuliza kwa nini wagonjwa wengine wanaacha dawa. Swali hilo lina watu wake idara ya afya ya jamii, nenda ukawasikilize. Kwa likizo ya kiangazi zipo programu za REU, yaani za kuwapa wanafunzi wa shahada ya kwanza uzoefu wa utafiti, zinafadhiliwa na serikali na zinalipa posho. Wewe una ukaazi wa kudumu, unaruhusiwa. Wenzako wa viza ya masomo fedha hizo haziwahusu. Maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo usilale.

Ungekuwa unataka udaktari wa tiba pamoja na uzamivu, ningekuhimiza uanze mapema iwezekanavyo. Lakini uliniambia unataka kukaa na wagonjwa. Basi saa za Jumamosi zipeleke hospitali, ukajitolee.

Barua ya profesa ukishaiandika, nitumie niisome kabla hujaituma.

Mama yako