Redio yako inayokoroma

Kwako Sefu,

Salamu nyingi. Nimecheka peke yangu kusoma kwamba umeongeza transista ya tatu ili redio ipaze sauti, nayo ikaanza kukoroma dugu-dugu-dugu. Usiing'oe, haijaharibika.

Fanya hesabu kwanza. Kila transista ni ngazi moja ya kukuza sauti, na ngazi hazijumlishwi, zinazidishwa. Ya kwanza ikikuza mara 50 na ya pili mara 50, huna 100, una 2,500. Ya tatu ikiwa vilevile unafika 125,000! Hapo hata chembe ya sauti ikirudi mlangoni inakuzwa upya, inarudi tena, mzunguko usiokwisha. Kwako inapita kwenye betri. Ngazi ya mwisho ikivuta mkondo, volti za betri zinashuka kidogo, na ngazi ya kwanza inadhani huo mshuko ni sauti ya redio. Kata waya wa chanya unaokwenda ngazi ya kwanza, tia hapo rezista (kipunguza mkondo) ya omu 100, kisha kapasita ya mikrofaradi 100 kutoka upande wa ngazi hiyo hadi hasi. Mkoromo usipokatika, weka kapasita ya 470.

Halafu ile ya tatu uibadilishe kazi. Spika yako ya omu 8 haitaki volti zaidi, inataka msuli. Katika miguu mitatu ya transista, sauti inaingia kwenye bezi; itoe kwenye emita badala ya kolekta: volti hazitaongezeka, ila mkondo utakuwepo.

Umeuliza kwa nini ngazi zisiungwe kwa waya mtupu, bila kapasita katikati. Kolekta ya kwanza imetulia kwenye volti 4.5 hivi, na bezi inayofuata inahitaji 0.6 tu. Ukiunga moja kwa moja, unaisukuma hadi inashiba, haisikii tena. Kapasita inazuia volti zilizotulia, inapitisha mtikisiko. Chanya yake ielekee kolekta. Mimi niliwahi kuigeuza, nikapoteza jioni nzima nikilaumu diodi.

Kabla ya kulehemu chochote, chukua mita ya volti. Kwa betri ya volti 9, kolekta za ngazi mbili za mwanzo zisome karibu nusu yake. Ikisoma karibu 9, transista imelala, punguza rezista ya bezi. Ikisoma karibu sifuri, imeshiba, iongeze.

Niandikie namba utakazopata. Na koili usiiguse, hiyo umeizungusha vizuri kuliko yangu.

Wako,
Mosi