Karatasi za ukaguzi wa nyumba za vocha ni zetu, tuziombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama inawezekana usiikate sana kwa sababu hili jambo lina watu wengi nyuma yake. Naandika kutoka Kentucky, Marekani. Huku wamejaa watu waliotokea kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, wako Louisville, wako Lexington, wako Bowling Green, na wengi wao wanasoma magazeti ya Kiswahili kwenye simu kuliko wanavyosoma zile barua za Kiingereza zinazotupwa kwenye sanduku la posta, maana ile barua inakaa mezani siku nzima inasubiri mtoto atoke shule aisome, na mtoto naye anasoma maneno asiyoyaelewa. Ndo maana nimeona nilete hapa.

Ninachotaka kusema ni hiki: ripoti za ukaguzi wa nyumba zinazolipiwa na serikali ni karatasi za umma, mpangaji ana haki ya kuziomba na kupewa, na watu wetu hawaziombi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Kwa ambao hawaijui hii kitu, vocha (wengi wanaiita Section 8) ni mpango wa serikali kuu uliotokana na sheria ya 1974. Familia yenye kipato kidogo inapanga nyumba ya mtu binafsi, inalipa karibu asilimia 30 ya kipato chake, kinachobaki kinalipwa na ofisi ya nyumba ya mji kwa pesa inayotoka HUD, yani wizara ya nyumba ya Washington. Ni familia zaidi ya milioni 2 nchi nzima zinaishi hivyo. Na kwa vile ni pesa ya umma, nyumba haiwezi kulipiwa bila kukaguliwa: inspekta anakuja kabla hujaingia, alafu anarudi angalau mara moja kila miaka miwili (ofisi ndogo za vijijini zinaruhusiwa kwenda mpaka mitatu). Kitu cha kuhatarisha maisha mwenye nyumba anapewa masaa 24 akitengeneze, vingine siku 30, asipotengeneza ofisi inatakiwa imsimamishie malipo. Kwenye sheria imekaa vizuri sana. Tatizo liko kwenye utekelezaji.

Kuna mama mmoja tunasali naye, mjane, ana watoto wanne na wa mwisho ana pumu. Chumba cha watoto kiko chini kabisa usawa wa ardhi, dirisha lake halifungi, komeo lilishakatika, wameweka kipande cha mpini wa ufagio pale kwenye reli ili mtu asilisukume kutoka nje. Chini ya hilo dirisha ukuta una ukungu mweusi, unaufuta na jiki leo wiki ijayo umerudi palepale. Inspekta alikuja ameongozana na mwenye nyumba, wakazunguka vyumba wakiongea wao kwa wao, mtafsiri ni binti wa miaka kumi na moja, dakika chache wameshatoka. Baadaye ikaja barua kwamba nyumba imepasi. Imepasi! Na mtoto usiku anakohoa mpaka jirani wa juu anasikia.

Nilipoiona ile barua roho iliniuma kwelikweli. Mama mwenyewe alisema tuache tu, Mungu yupo, wasije wakamnyang'anya vocha akarudi kuhangaika. Na simlaumu, sisi tumekulia kwenye kambi, chakula chako kiko kwenye kadi na kadi iko mikononi mwa mtu wa ofisini, kwa hiyo umejifunza toka utotoni kwamba mtu wa ofisini haulizwi maswali. Nikamwambia, "mama yangu", hatuendi kumshtaki mtu, tunaenda kuomba karatasi tu, tuone huyo bwana aliandika nini humu ndani. Akakubali.

Ofisi sitaitaja. Pale dirishani tuliambiwa hizo ni siri za mwenye nyumba, alafu nikaulizwa mimi ni nani, ni wakili wake? Mwishowe dada mmoja akasema kama mnataka sana andikeni FOIA. Sasa hapa ndo watu wengi wanapotezwa njia, naomba msomaji anisikilize vizuri. FOIA ni sheria ya serikali kuu ya kuomba kuona karatasi za serikali, ilisainiwa na Rais Lyndon Johnson 1966, na inahusu ofisi za serikali kuu tu kama HUD yenyewe. Ofisi ya nyumba ya mji wako haiko chini ya hiyo sheria, iko chini ya sheria ya jimbo. Ukiandika FOIA ukaipeleka Washington utasubiri weee, na mwisho watakujibu kwamba hizo karatasi hawana, maana zinakaa kwenye ofisi ya mji. Kila jimbo lina sheria yake. Hapa Kentucky inaitwa Open Records Act, ipo toka 1976, na Texas, Ohio, Illinois, wote wana ya kwao na siku zao za kujibu, kwa hiyo ndugu zangu mlio huko tafuteni ya jimbo lenu msifuate ya kwetu neno kwa neno.

Ya Kentucky inasema hivi. Lazima uwe mkazi wa jimbo, hiyo iliongezwa 2021, lakini mkazi maana yake unaishi hapa, haijasema raia, kwa hiyo hata ambaye bado ana grini kadi au hana hata hiyo grini kadi anaomba kama mtu mwingine yeyote. Unaandika jina lako na unasema wewe ni mkazi. Wanaweza kukuuliza kama unazitaka kwa biashara, lakini hawana ruhusa ya kukudai ueleze kwa nini unataka kuona ripoti ya nyumba. Wakishapokea wana siku 5 za kazi kukujibu, wakikataa lazima waandike ni kifungu gani cha sheria kinachowaruhusu kukataa, kusema tu "ni siri" haitoshi. Wakikukatalia au wakikaa kimya unapeleka kopi ya barua yako na kopi ya jibu lao (kama lipo) kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, bila kulipa hata senti, na yeye anatoa uamuzi. Nasisitiza hapo kwenye bure kwa sababu watu wakisikia Mwanasheria Mkuu wanafikiria mawakili na mapesa.

Kwa hiyo tukaandika upya, kwa imeili, tukataja sheria kwa jina lake. Hatukuuliza swali hata moja. Hili nalo ni la kushika sana: sheria inawalazimisha watoe karatasi walizonazo, hailazimishi wakujibu maswali wala wakutengenezee orodha mpya. Ukiandika "kwa nini mmepasisha nyumba mbovu?" hiyo barua inaenda kwenye kapu. Ukiandika "naomba kopi ya fomu za ukaguzi, barua za kasoro alizotumiwa mwenye nyumba, na uthibitisho wa matengenezo, za anwani hii, kuanzia mwezi huu mpaka mwezi huu", hapo hawana pa kupita.

Karatasi zikaja, na kweli zilituonyesha kitu. Fomu yenyewe ni ya HUD, namba 52580, inakwenda chumba kwa chumba, sebule, jiko, bafu, vyumba vya kulala, alafu nje ya nyumba, hita na mabomba, na kila mstari una sehemu ya kuweka alama: imepasi, imefeli, au haijaamuliwa. Soketi zinafanya kazi? Dirisha linafungika? Rangi inabanduka? (Hiyo ya rangi ni muhimu kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1978, nyingi za rangi za zamani zina madini ya risasi (lead) ndani yake na mtoto mdogo akila vipande vyake vinamharibu ubongo.) Kwenye ukaguzi wa nyuma, siyo huu wa juzi, wakati yule mama alikuwa mgeni bado, dirisha la chumba cha watoto lilifelishwa. Imeandikwa kwa kalamu, komeo limevunjika. Kumbe ofisi ilijua! Karatasi inayofuata kwenye faili ni ya mwenye nyumba mwenyewe, amesaini kwamba ametengeneza. Hakuna picha, hakuna risiti ya fundi, hakuna alama kwamba inspekta alirudi kuangalia. Baada ya hapo ni pasi, na ukaguzi uliofuata pasi tena, dirisha lilelile, mpini wa ufagio uleule.

Mimi sisemi inspekta amehongwa, sina ushahidi huo na sitamsingizia mtu. Nasema mfumo unaokubali saini ya anayelipwa kama uthibitisho kwamba amefanya kazi yake, bila kumuuliza hata kidogo anayelala kwenye hicho chumba, ni mfumo unaomwacha mtoto wa watu anakohoa, na tusingelijua hili mpaka leo kama tusingeziona hizo karatasi.

Na zilisaidia. Mpangaji ana haki ya kuomba ukaguzi maalum, hatakiwi kusubiri miaka miwili iishe: akiripoti kitu cha hatari kwa maisha ofisi inatakiwa ije ndani ya masaa 24, kama siyo cha hivo ndani ya siku 15. Mama aliomba, safari hii kwa maandishi, akaambatanisha kopi ya ile fomu iliyofeli na picha za simu. Mkalimani alikuwa mtu mzima, binti alibaki shuleni anasoma. Dirisha sasa lina komeo jipya. Ukungu bado wanabishana, mwenye nyumba anadai ni kwa sababu wanapika bila kufungua madirisha, na hilo faili tunaliendeleza.

Kuhusu hofu ya kupoteza vocha nitasema ukweli mtupu maana sitaki kumdanganya mtu. Kuomba karatasi hakuwezi kukunyang'anya vocha, hakuna sheria kama hiyo. Ofisi ikimsimamishia mwenye nyumba malipo kwa sababu hakutengeneza, ile sehemu ya ofisi hudaiwi wewe, wewe unaendelea kulipa sehemu yako tu, na akikuandikia kwamba unadaiwa yote usikubali. Lakini asipotengeneza kabisa, mkataba wa ofisi na yeye unaweza kuvunjwa, na hapo utahama na vocha yako ukatafute nyumba nyingine, na kutafuta nyumba inayokubali vocha ni shida, kila mtu anajua. Ndo sababu nashauri karatasi kwanza. Ukishaona kilichoandikwa unaweza kuamua vizuri na keswoka wako (yule anayeshughulikia faili lako), au na mawakili wa bure wa msaada wa kisheria, kabla hujaanzisha lolote.

Kuna vitu hutapewa pia na ni sawa. Ukiomba ripoti za jengo zima, majina ya majirani na habari zao za kipato zitafutwa kwa wino mweusi, na mimi nisingependa jirani asome za kwangu. Lakini tarehe, kasoro na kama imefeli au imepasi, hivyo si siri ya mtu.

Ombi langu kwa wachungaji, mashehe, na viongozi wa jumuiya zetu huku: tunachanga misiba, tunachanga harusi, tutenge na saa moja baada ya ibada, vijana wanaojua Kiingereza wakae na laptopu wawaandikie wazee hizi barua. Na kwa ofisi za nyumba, najua wapo wafanyakazi humo wanaosoma Kiswahili: HUD inaweka hadharani alama za ukaguzi wa majengo ya serikali na ya ruzuku, mtu anaangalia kwenye intaneti, lakini nyumba za vocha hazimo. Wekeni na hizi. Familia inayotafuta nyumba ijue kabla haijasaini kwamba ile apatimenti imefeli mara ngapi na kwa kitu gani.

Barua tuliyoandika sisi ilikuwa fupi, iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili inasema hivi, anayetaka aichukue:

"Kwa msimamizi wa kumbukumbu. Kwa mujibu wa Open Records Act ya Kentucky naomba kopi za fomu zote za ukaguzi, barua za kasoro kwa mwenye nyumba, na uthibitisho wa matengenezo, kwa nyumba iliyoko (anwani kamili na namba ya apatimenti), kuanzia (tarehe) mpaka (tarehe). Mimi ni mkazi wa Kentucky, naishi (anwani). Siombi kwa ajili ya biashara. Naomba zitumwe kwa imeili hii. Kama kuna sehemu mnaikataa, naomba mtaje kifungu cha sheria na mnipe zilizobaki."

Jina, saini, tarehe. Ukipeleka kwa mkono piga picha barua ikiwa na muhuri wao wa kupokea, na siku 5 anza kuzihesabu kesho yake, Jumamosi, Jumapili na sikukuu usizihesabu.

Wako,
Msomaji wenu, Kentucky, Marekani