RISALA YA WANAKIKUNDI WA MAZOEZI YA KUPIGA MAKASIA UKUMBINI KWA MGENI RASMI, ARUSHA

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wetu wa mtaa na kata, wazazi wetu, wageni waalikwa na wanamazoezi wenzetu,

Awali ya yote tunakukaribisha kwa mikono miwili, na tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi asubuhi hii.

Mbele yako zimepangwa mashine nne za kupiga makasia. Kila moja ina urefu wa karibu mita mbili na nusu. Kiti kinatembea juu ya reli, mpini umeungwa kwenye mnyororo, na mnyororo unazungusha feni iliyofungiwa ndani ya kizimba. Mashine za muundo huu zilianza kutengenezwa mwaka 1981 na ndugu wawili wa Vermont, Marekani, Dick na Pete Dreissigacker. Uzito anaousikia mtu mkononi unatokana na upepo. Ukivuta polepole ni mwepesi, ukivuta kwa nguvu unazidi. Kwa hiyo mama wa miaka 60 na kijana wa timu ya mpira wanaweza kukaa bega kwa bega, kila mmoja na mzigo unaomfaa.

Ndugu Mgeni Rasmi, watu wa pwani na wa ziwani hawachanganyi kafi na kasia. Mwenye kafi hutazama mbele. Mwenye kasia huipa safari mgongo, na anayeiona njia ni yule aliyeshika usukani. Mashine hizi ni za kasia. Anayevuta anaiona monita tu, yaani kioo kidogo kinachoonyesha kasi na mita alizopiga. Mgongo wake unavyopinda na mabega yanavyopanda, haoni. Risala yetu inamhusu mshika usukani huyo, yaani mwenzako anayesimama pembeni.

Mpigo mmoja huanza magoti yakiwa yamekunjwa, ugoko umesimama wima, mikono imenyooka na kiwiliwili kimeinama mbele kidogo kuanzia nyongani. Miguu inasukuma kwanza, mikono ingali imenyooka kama kamba. Magoti yanapokaribia kunyooka ndipo kiwiliwili kinafunguka kwenda nyuma, na mikono inamalizia kwa kuleta mpini chini kidogo ya kifua. Kurudi ni kinyume chake: mikono inatangulia, kiwiliwili kinafuata, magoti yanakunjwa mwisho. Kusukuma ni hesabu ya moja, kurudi ni hesabu ya mbili.

Kosa linaloumiza watu zaidi ni makalio kutangulia. Miguu inasukuma, kiti kinakimbia nyuma, mpini umebaki palepale. Nguvu ya mapaja inapotea njiani na mgongo wa chini unaubeba mzigo peke yake. Chanzo chake ni kiwiliwili kulegea mwanzoni mwa mpigo. Dawa yake ni mipigo kumi ya miguu peke yake, bila kuvuta mkono, huku mwenzako akihakikisha kiti na mpini vinaondoka pamoja. Kosa la pili ni magoti kupanda kabla mpini haujayapita. Utauona mpini ukiruka kama gari linalovuka tuta. La tatu ni kuukamata mpini kwa ngumi, na hapo malengelenge hutokea kwenye mashina ya vidole ndani ya wiki ya kwanza. Vidole viwe kama ndoana, gumba lipite chini bila kubana. Na mkanda wa miguu upite pale vidole vya mguu vinapoanzia, si juu kwenye kifundo.

Mtazamaji akae pembeni, macho yake yawe usawa wa mabega ya anayevuta. Akisimama mbele haoni kitu. Arekebishe jambo moja kwa wakati, kwa neno fupi: "Miguu!" au "Mikono kwanza!" Mtu mwenye pumzi juu hawezi kushika sentensi mbili. Na kelele za "ongeza, ongeza!" tunaziomba zikome kabisa kwa wanaoanza, kwa sababu ya hesabu hii: monita huonyesha muda wa kila mita 500, na kutoka dakika 2 na sekunde 30 hadi dakika 2 kamili nguvu inayotakiwa hupanda kutoka wati 104 hivi hadi wati 203, karibu mara mbili. Mwenza mwema husema, "Shusha sekunde mbili," yaani kasi ipande kidogo tu.

Sasa tuseme juu ya dampa, kile kitasa kilicho ubavuni mwa feni chenye namba 1 hadi 10. Wageni wengi hukisukuma hadi 10 wakidhani hapo ndipo penye mazoezi ya kweli. Namba ile inaruhusu tu upepo mwingi zaidi uingie ndani ya kizimba, kila mpigo ukawa mzito na wa polepole, na mgongo na mbavu ndivyo vinavyolipa. Kinachofaa kutazamwa ni kipimo cha ukinzani ndani ya monita, namba inayoonyesha jinsi hewa inavyoizuia feni. Kati ya 110 na 130 kinawatosha wengi. Hapa Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia kumi na zaidi, kwa hiyo anayezoea namba 4 kule atahitaji kama 5 hapa kupata ukinzani uleule. Monita hujipima yenyewe kila mpini unaporudi, hivyo mita za hapa na za kule zinalingana. Pumzi ndiyo hailingani, na mgeni kutoka pwani asishangae.

Kwa mashine moja, watu watatu wanatosha. Mmoja anapiga kwa dakika 5, mwingine anatazama, wa tatu anatembea na kunywa maji. Kila mtu apate zamu nne, mipigo 18 hadi 22 kwa dakika, kwa kasi inayomruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika. Siku tatu kwa wiki zinampa kila mmoja saa nzima ya kuvuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hivyo zilizobaki ajazie kwa kutembea.

Leo utashuhudia pia mbio za kupokezana: watu wanne, mita 500 kila mmoja, jumla mita 2,000. Mikanda ya miguu haifungwi, kwani kuifunga na kuifungua kunakula muda. Wenza wawili hupiga magoti na kuvikandamiza viatu vya anayevuta kwenye ubao. Mpini hutoka mkono hadi mkono, hauachiwi hata mara moja. Ukiachiwa unarudi kwa kishindo na unaweza kuharibu mashine.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. Kwanza, shule au ofisi inapopanga kununua mashine kama hizi, bajeti ihesabu na matunzo: kitambaa cha kufuta reli kila siku, mafuta mepesi ya mashine, kijiko kimoja cha chai kwenye mnyororo kila baada ya saa 50 za matumizi, na betri mbili kubwa za monita. Bila hayo reli hujaa uchafu mweusi, kiti kinakwaruza, mnyororo unaingia kutu. Mpini nao usiachwe ukining'inia kwenye ndoana usiku kucha, maana kamba ya mpira iliyo ndani inalegea na mnyororo unaacha kurudi.

Pili, wapewe mafunzo angalau watu wawili kwa kila mashine kabla haijafunguliwa kwenye boksi. Tukiambiwa tuchague kati ya mashine ya tano na watazamaji wanane waliofundwa, tutachukua watazamaji.

Tatu, utusaidie kuzungumza na kituo cha afya ili mhudumu afike hapa mara moja kwa mwezi na kipimo cha presha. Mwenye presha ya juu, henia au maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni aonane na daktari kabla ya kushika mpini, na kwa sasa tunategemea kila mtu aseme mwenyewe.

Mashine ya pili kutoka dirishani imeachwa kwa ajili yako. Dampa iko kwenye 5, mikanda imelegezwa, na mwenzetu amekwisha kuchuchumaa pembeni yake kukutazama mgongo.

Tunaomba kuwasilisha.