Barua kwa Mwalimu Tumaini: jiwe la Ivuna

Dodoma

Rafiki yangu Tumaini,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Sisi huku tu wazima, hofu ni kwenu huko Vwawa. Nimefurahi kusikia kwamba utawapeleka wanafunzi wako Mbozi kukiona kimondo. Wapeleke. Ila wakishamaliza kulishangaa lile pande la chuma la tani 16 hivi, nakuomba uwasimulie na jiwe la Ivuna, maana lilianguka mkoani humo humo na wengi hawajapata kulisikia.

Lilianguka tarehe 16 Desemba 1938, upande wa Ziwa Rukwa, huko kunakotoka chumvi. Kilichookotwa hakifiki hata kilo moja: ni gramu 705 hivi, jiwe jeusi, laini, la kumomonyoka mkononi. Kipande kikubwa kilichobaki kiko London, kwenye makumbusho ya historia ya viumbe. Wanasayansi wamelitumia kutaja kundi zima la vimondo vya mawe, CI: hiyo C ni ya kaboni, na hiyo I ni ya Ivuna. Kundi hilo lina vimondo vichache mno duniani.

Thamani yake ni hii. Chuma kama cha Mbozi hutokana na magimba ya angani yaliyowahi kuyeyuka, chuma kikajitenga na mawe. Dunia yetu nayo iliyeyuka hivyo, chuma chake kikazama kitovuni, kwa hiyo huwezi kuokota jiwe la mlimani likakwambia mwanzo ulikuwaje. La Ivuna halikuyeyuka kamwe. Ukiacha gesi kama haidrojeni na heli, uwiano wa elementi zake unakaribiana sana na wa Jua lenyewe, na Jua ndilo lenye zaidi ya asilimia 99 ya mada yote ya mfumo wetu. Anayelipima anapima mchanganyiko uliozaa sayari zote, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita! Tena limejaa madini ya udongo yaliyoumbwa na maji huko huko angani, na ndani yake zimeonekana amino asidi, yaani vijenzi vya protini. Mimi kila nikilifikiria hilo nasisimka.

Mwaka 2020 Wajapani walileta gramu 5.4 za vumbi kutoka asteroidi Ryugu, gimba dogo la mawe linalolizunguka Jua, kwa chombo cha angani cha Hayabusa2. Walipolichunguza, wakakuta linafanana na kundi la Ivuna. Tofauti mojawapo ni kwamba jiwe letu limekaa duniani, limenyonya unyevu wa hewa na kuota chumvi ambazo Ryugu hazipo.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, mwalimu. Jiwe la namna hii halingojei. Likinyeshewa linalainika na kuchanganyika na tope. Mbale, Uganda, mwaka 1992 mawe yalimwagika kutoka angani mchana kweupe, moja dogo likampata mtoto kichwani baada ya kugonga majani ya mgomba (hakuumia), na watu waliyaokota mapema. Wafundishe watoto: wakiona moto angani na kusikia mngurumo, watafute mawe yenye ganda jeusi. Wasiyaoshe, wasiyabandike sumaku kwani hufuta kumbukumbu ya usumaku iliyomo. Wayafunge kwenye karatasi safi ya alumini, waandike mahali na saa, kisha wakuletee wewe.

Na ukipata nafasi ya kufika Ivuna, waulize wazee kama kuna aliyesimuliwa habari za siku ile. Uandike maneno yao kama watakavyoyasema, unitumie.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako,
Zawadi