Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayeanza kumsoma Gurnah

Mpwa wangu mpendwa,

Umeniambia fedha ulizonazo zinatosha vitabu viwili, na kwamba cha kwanza kiwe "kile kilichoshinda Nobel". Hakuna kitabu hicho. Nobel ya Fasihi hupewa mtu kwa kazi zake zote. Abdulrazak Gurnah alipotangazwa tarehe 7 Oktoba 2021, alikuwa ameshachapisha riwaya kumi, na ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Hesabu mwenyewe: ni miaka 34 ya kuandika, na mingi kati ya hiyo alikuwa akisomesha chuo kikuu huku akiandika.

Kilichokuchanganya ni Booker, tuzo ya Uingereza ya riwaya. Ile hupewa kitabu kimoja, na mchapishaji ndiye anayekipeleka. Riwaya yake ya Paradise iliingia katika vitabu sita vya mwisho mwaka 1994, haikushinda. Nobel haina mtu anayejipeleka. Akademia ya Sweden, inayoitoa, huwaalika watu maalumu wapendekeze majina: maprofesa wa fasihi na isimu, washindi wa zamani, viongozi wa vyama vya waandishi na wengineo. Mapendekezo hufungwa tarehe 31 Januari. Ikifika Mei yamebaki majina matano hivi, na kiangazi chote wajumbe wanasoma vitabu vya hao tu. Kura hupigwa Oktoba, na mshindi lazima apate zaidi ya nusu. Orodha ya waliopendekezwa hufungiwa miaka 50, kwa hiyo ukisikia mtu anaapa kwamba fulani "alikosa kidogo tu mwaka jana", mwache na kiapo chake.

Sasa maisha yake, kwa kiasi unachokihitaji ili usome vizuri. Amezaliwa Zanzibar, Desemba 1948. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta kijana wa miaka 15. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliondoka kwenda Uingereza, na hakuweza kurudi mpaka 1984, akawahi kumwona baba yake muda mfupi kabla mzee hajafariki. Alipata udaktari wake Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akasomesha huko hadi kustaafu, na kabla ya hapo alipita Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, Nigeria. Shika huo mwaka wa 1984. Takriban kila kitabu chake kina mtu aliyeondoka bila kuaga vizuri, na kina nyumba ambayo imeendelea kuishi bila yeye. Lakini usiyafanye maisha yake kuwa ufunguo wa kila mlango. Msimulizi wa riwaya yake ya Admiring Silence, kwa mfano, ni mwongo aliyekubuhu, anayemtungia mwanamke wake wa Kiingereza kwao pasipokuwapo. Ukimsoma huyo kama Gurnah mwenyewe, umekosa kitabu kizima.

Basi anza na Peponi. Ndiyo Paradise kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, imechapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Kwangu mimi hilo ndilo tunda kubwa kuliko medali. Kitabu kilichojaa misafara, bandari na maduka ya pwani yetu kilikaa miaka 28 bila kusema kwa lugha ya pwani, na tuzo ndiyo iliyokiamsha. Ukipata nakala ya Kiingereza, weka zote mbili mezani na ulinganishe kurasa za mwanzo. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz ambaye amezoea kumwita "uncle". Khalil, kijana wa dukani, anamkatiza: huyo si wako, mwite seyyid, yaani bwana. Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kiingereza kina neno moja tu kwa ami na mjomba. Sisi tunayo mawili, na mfasiri analazimika kuchagua ni undugu wa upande upi utakaotumika kufunika biashara ile. Kaa na ukurasa huo. Wewe una mjomba na una ami, utausikia kwa namna ambayo msomaji wa London hausikii.

Jambo jingine ulilonalo tayari ni kisa cha Nabii Yusuf, ulichokisoma chuo cha Qur'ani tangu mdogo. Kijana mzuri wa sura aliyetolewa kwao, bibi wa nyumba, kanzu iliyochanika kwa nyuma: vyote vimo. Wahakiki wa Ulaya huandika makala nzima kulieleza hilo. Wewe tazama kinyume chake, yaani pale riwaya inapoachana na Qur'ani. Yusuf wa Gurnah hakabidhiwi maghala ya Misri.

Chukua daftari, uligawe safu tatu: nani anadai, nani anadaiwa, nini kimewekwa dhamana. Wanaochoka na Gurnah katikati ya kitabu mara nyingi wamepotezwa na madeni, kwa sababu kwake deni ndilo linaloendesha kisa, na huwa linatajwa mara moja tu, kwa sauti ya chini. Katika By the Sea, riwaya yake nyingine, nyumba inawekwa dhamana kwa mfanyabiashara kutoka Bahrain, naye anaitumia hati hiyo kukopa kwa Saleh Omar, kisha anaondoka zake. Miaka mingi baadaye mzee Saleh Omar anashuka uwanja wa ndege Uingereza na pasi yenye jina la mwenye nyumba yule. Ukiwa hukuandika safu zako, hutaelewa kwa nini jina hilo linamchoma Latif, mwana wa mwenye nyumba yule. Riwaya hiyo inasimuliwa na watu wawili ambao kumbukumbu zao hazikubaliani. Usiharakishe kumtafuta mkweli.

Kitabu chako cha pili kiwe Afterlives. Peponi inaishia askari wa Kijerumani wanapofika, na Afterlives inaingia ndani ya jeshi hilo pamoja na Hamza, kijana aliyejiunga kwa hiari akajuta upesi. Vikisomwa kwa kufuatana, vinakuwa kama mto mmoja. Watu huanza na Memory of Departure kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuchapishwa, na hapo huvunjika moyo: baba mlevi, mji mkali, kila mlango umefungwa. Wanamaliza wakisema mtu huyu anawachukia watu wa kwao. Iache hadi umzoee. Wengine humsoma kama hotuba dhidi ya wakoloni na kurukia kurasa zenye Wazungu, wakati ukatili wa kwanza anaouonyesha ni wetu sisi kwa sisi, mtoto aliyetolewa na baba yake kulipa deni.

Na ukipata cha kuazima maktaba, azima Kuli, riwaya ya Adam Shafi, mwandishi wa Zanzibar. Inahusu mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar mwaka 1948, mwaka uleule aliozaliwa Gurnah. Shafi amesimama na wabeba mizigo, Gurnah anawasikiliza zaidi waliopoteza nyumba na jamaa. Nataka uwe nao wote wawili kabla hujaanza kubishana na mtu kuhusu Zanzibar.

Theft, riwaya aliyoitoa Gurnah 2025 baada ya tuzo, itasubiri. Ukifika pale Khalil anapomkatiza Yusuf, niandikie neno alilochagua mfasiri, na kama wewe ungechagua jingine.

Mjomba wako