Leso ya mamako mkubwa

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi huku Mtongwe tu wazima. Babako kifua kimepungua, na yule paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo chafu. Ningekupigia simu, lakini haya ninayotaka kukwambia nikiyasema kwa mdomo nitakatika kati, nawe utaanza kunibembeleza, mwisho tukate simu hatujasema kitu. Kwa hivyo nimekaa barazani na daftari la hesabu za duka, nakuandikia.

Mswada wa mchezo wako wa feri nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza sikufika mwisho. Nilipofika pale feri inapoanza kulala upande, niliufunga nikaenda kuchagua mchele ambao nilikuwa nimeshauchagua. Mara ya pili niliusoma usiku, babako amelala. Mara ya tatu nikashika kalamu, kama ulivyoniomba. Kisha Jumapili nikavuka, nikaja kukaa nyuma kabisa ya ukumbi, nikawaangalia mkifanya mazoezi. Nilikwambia pale kwamba ni nzuri mno. Ni kweli, lakini si yote niliyokuwa nayo moyoni.

Najua wenzako walikushauri mchukue tamthilia ya mtihani. Pesa ya jukwaani hapa Mombasa iko kwenye vitabu vya shule: walimu wanaleta watoto kwa mabasi, ukumbi unajaa kabla hujabandika karatasi hata moja ukutani. Mchezo mpya, ambao hakuna aliyewahi kuusikia, haumleti mtu kwa lazima. Wewe ukakataa, ukaandika mambo ya huku kwetu. Nakushukuru kwa hilo, mama. Tarehe 29 Aprili 1994 walikufa watu 272 hapa, na siku hizi ukimsikia mtu akiutaja mkasa wa feri ya Mtongwe, anataja hiyo hesabu, basi. Kwamba ilikuwa Ijumaa asubuhi, watu wanakwenda kazini, hasemi. Kwamba ilipinduka kama mita 40 tu kutoka ufukweni, hasemi. Mita 40 ni kutoka hapa nilipokaa mpaka kwa yule muuza mihogo. Nikimwita sasa hivi atageuka.

Sasa nikwambie yaliyonikaa.

Lile onyesho la feri kuzama lifikirie upya. Jumapili niliwaona wale vijana wanne wameshika shuka la buluu, wanalitikisa, na wengine chini yake wanapiga mayowe. Mmoja alicheka. Simlaumu, ni mtoto, na shuka lilimwingia mdomoni. Lakini mwanangu, mtu wa Mombasa anaijua bahari. Ukimwonyesha shuka la buluu ataona shuka la buluu, na akishaliona hilo, hata mtu wa kweli akija baadaye hatamwamini.

Na tena, sisi hatukuona ndani ya maji. Mimi nilitoka mbio nyumbani na leso kiunoni, nikafika ufukweni nikakuta watu wamesimama wanaita. Hayakuwa mayowe. Yalikuwa majina. Kila mtu alikuwa na jina moja mdomoni, analirudia na kulirudia, huyu lake na yule lake, mpaka hukuweza kulisikia lako mwenyewe. Wako waliokuwa wakiita majina mawili. Kuna baba mmoja aliyekuwa akiita matatu, kwa mpango, kama anayeita wanawe waje kula.

Kwa hivyo liondoe shuka. Wasimamishe waigizaji wako ukingoni mwa jukwaa, wote, wanaelekea huku tuliko sisi, na waite majina. Sisi tuliokaa ndio tuwe bahari. Usiweke taa ya buluu wala mlio wa mawimbi kwenye spika. Waite, kisha mmoja anyamaze, halafu mwingine, mpaka abaki mmoja tu anayeita. Nakuomba majina yenyewe yawe ya kubuni. Ya wenye watu wao tuwaachie wenyewe.

La pili ni la mamako mkubwa. Katika mswada wako, dada aliyebaki anamtambua marehemu kwa pete. Nilipolisoma hilo niligundua kwamba sijawahi kukuhadithia. Miaka yote hii nilikwambia tu "tulimpata siku ya pili," nikageuza maneno. Wewe ulibuni pete kwa sababu mimi nilikunyima kweli. Basi hii hapa.

Leso, kama unavyojua, huja mbili zimeshikana, zikakatwa zikapindwa. Mimi na dada yangu tulinunua jozi moja Biashara Street, mji wake wa korosho, nyekundu na nyeupe, tukagawana. Yeye akachukua moja, mimi moja. Jina la leso yenyewe lilikuwa "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Yeye ndiye aliyelichagua. Tulikuwa tumetoka kugombana wiki ile kwa jambo la upuuzi, na leso ile ndiyo iliyokuwa suluhu yetu. Hakuna aliyeomba radhi kwa mdomo. Asubuhi ile ya Ijumaa alitoka amejifunga yake.

Jumamosi nilikwenda kumtafuta, nikapanga foleni na wenzangu kwenye chumba cha maiti tangu jua halijawa kali mpaka adhuhuri. Mlangoni alikaa mzee mmoja na daftari kubwa. Hakutuingiza wote pamoja, alimuuliza kila mtu, "Alivaa nini?" Watu wakamjibu: shati la kazi, viatu vyeusi, gauni la maua. Ilipofika zamu yangu sauti haikutoka. Nikaikunjua leso yangu juu ya daftari lake. Yule mzee akavaa miwani, akalisoma jina kwa sauti, polepole, kidole kinafuata herufi: "Mla nawe… hafi nawe…" Alipofika "ila mzaliwa nawe" sauti ikamshuka, akainua uso akanitazama. Akaikunja leso mara nne, akanirudishia kwa mikono miwili, kisha akainuka akaenda ndani. Hakusema neno. Mimi nikawa nimeshajua.

Sikulia pale. Nililia siku ya nne, naanika nguo.

Sasa tazama ulivyoandika wewe: dada anaanguka, anagaagaa, anasema maneno ya kumlaumu Mungu na serikali na bahari. Nimezihesabu, ni sentensi kumi na mbili. Zitoe zote, mwanangu. Najua zilikutoka kwa taabu, na ile ya "maji yamekula na kushiba" ni sentensi nzuri, iweke pahali pengine. Lakini pale mpe yule mzee leso asome. Kuna jambo moja la kuangalia: maandishi ya leso mtu wa mstari wa tatu atayasoma, wa nne atakisia, wa nyuma ataona mstari mweusi tu. Ndiyo maana lazima mzee asome kwa sauti, na lazima asome kama mtu anayesoma kitu cha mtu mwingine, bila kuigiza huzuni. Huzuni iko kwetu, yeye atupe maneno tu.

Na mzime mapangaboi. Jumapili nilikaa nyuma, na yule binti mwenye sauti laini sikumsikia hata neno, pangaboi lilikuwa likimla. Mwelekezi wenu aliniambia kwamba wakizima, watu watakufa kwa joto, na wakifungua milango zitaingia honi za tuktuk. Ni kweli. Basi yazimeni kwa onyesho hilo moja tu. Wakati yule mzee anavaa miwani, mtu aende kwenye swichi. Yale mapanga yatapunguza mwendo polepole, na kila aliye ukumbini atasikia kitu kikiondoka bila kujua ni nini. Joto la dakika nne halijamuua mtu wa pwani.

Lugha. Nimekwambia mara nyingi Kiswahili chako ni kizuri kuliko changu, na ndiyo taabu yenyewe. Abiria wako wote wanasema kama wametoka darasa moja. Waliokuwa wakivuka asubuhi ile walikuwa Wadigo na Waduruma, Wajaluo, Wakamba, watu wa bara waliokuja kutafuta kazi bandarini wakapanga vyumba huku kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Yule kijana wako anayeigiza kuli, kwao ni Kisumu, nilimsikia akiongea na mwenzake wakati wa chai na maneno yake yalikuwa matamu. Akipanda jukwaani anajikaza aseme kama mzee wa Mji wa Kale. Mwache aseme kwa ulimi wake. Na pale anapokosea kidogo maneno uliyoandika na ukasikia yamekuwa mazuri zaidi, chukua kalamu ubadilishe mswada. Usimsahihishe. Nilikuona Jumapili ukitaja mstari pamoja naye kwa midomo, umekaza uso. Mchezo ukishasimama kwa miguu yake huwi tena na haki ya kuushika mkono kila hatua. Nilijua hivyo kwako ulipokuwa na mwaka mmoja, ingawa nami nilichelewa kukuachia.

Kuna jambo jingine nililokuwa nalifikiria. Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, mwaka 1977, walipouandaa mchezo wao wa Kikuyu walifanya mazoezi hadharani, wanakijiji wanakuja, wanakaa, wanawakosoa: mzee huzungumza hivi na mkwewe, kazi hii hufanywa hivi. Mchezo ukawa wa wote kabla haujaonyeshwa. Baadaye serikali iliupiga marufuku, naye Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake, akawekwa kizuizini, hayo unayajua kuliko mimi. Ninalotaka uchukue ni lile la kukubali kukosolewa. Leteni zoezi moja huku Mtongwe, uwanjani, alasiri, kabla ya siku yenyewe. Msibebe taa wala maleba. Wako watu huku ambao hawatafika ukumbini asilani kwa sababu hawavuki. Nyanyako hakuvuka tena tangu siku ile mpaka alipofariki. Alikuwa akiniagiza mimi hata uzi wa kushonea. Hao nao ni wenye mchezo. Wengine watanyanyuka waondoke katikati, usiwafuate. Wengine watakwambia "haikuwa hivyo." Hao wape kiti na uwasikilize mpaka mwisho.

Nakujua, utaogopa. Utaniuliza kama una haki ya kuandika jambo lililotokea wewe hujazaliwa. Nimelifikiria sana, maana mwanzoni nami nilikuwa na kinyongo kidogo, nikukubalie. Niliona kama umeingia kabatini mwangu bila kubisha. Lakini mimi niliyekuwapo nilikaa kimya, na kimya changu hakikumrudisha mtu. Wewe uliuliza hata mlango ulipofungwa. Endelea.

Sasa ya siku yenyewe. Onyesho lisianze kabla ya Isha, wala msilicheleweshe mkisubiri wageni wakubwa. Nimeongea na kina mama wa chama, tunakuja kumi na wanane. Sita kati yetu tulipoteza mtu. Sasa fikiri: watu hawa watakaa saa nzima na nusu wakiitwa majina kana kwamba wao ndio bahari, kisha watoke, wapande matatu, washuke ule mteremko wa Likoni usiku, wapande feri kurudi makwao. Hili hujaliandika mahali popote, lakini ni sehemu ya mchezo wako, labda ndiyo sehemu kubwa zaidi. Sitaki washuke ule mteremko peke yao. Mwambie mwelekezi, na uwaambie waigizaji: wakishavua maleba, waje nasi. Wavuke nasi mpaka ng'ambo, tunywe kahawa pale juu, kisha warudi na feri ifuatayo. Nauli ya matatu nitaitoa mimi.

Leso yangu nimempa kaka yako, atakuletea kesho pamoja na mahamri. Iko ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne. Itumieni hiyo, msitafute nyingine. Inaweza kupigwa pasi, lakini isifuliwe, isirushwe, na baada ya kila zoezi uikunje mwenyewe kwa mkono wako.

Mwenzake ninayo mimi. Walinirudishia pamoja na nguo zake, na nimeifua mara moja tu, kutoa chumvi. Usiku huo nitakuja nimejifunga hiyo. Nitakaa mstari wa tatu.

Mamako